Maswali Yenu ya Muziki: Wimbo Mmoja, Dakika 20

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, mwaka wa kwanza, niko jimbo la New York. Familia ninayoishi nayo imenialika Jumamosi twende kuona bendi inayopiga kwenye ukumbi wa wakulima, mashambani kabisa. Wanasema ni bendi ya muziki wa asili wa Marekani, yenye banjo, fidla, kodiani, magitaa na ngoma, na kwamba nyimbo zake huwa ndefu. Nilisikiliza rekodi yao moja kwenye simu. Wimbo mmoja ulichukua dakika 20 na sikuona unaelekea wapi. Sitaki kuwavunja moyo wenyeji wangu. Je, niende? Na nikienda, nisikilize nini?
Binti wa chuo, New York

JIBU: Marahaba, binti. Nenda. Tena fika mapema, kabla watu hawajajaa, kwa sababu mahali utakaposimama patakuwa na uzito kuliko jambo lingine lolote usiku huo.

Simu imekunyima nusu ya muziki wenyewe. Bendi hizi, wenyeji wako watakuwa wanaziita bendi za jemu, hupiga wimbo kama ulivyotungwa, beti na kiitikio, halafu wakifika mahali fulani wanaufungua. Aliyekulia kwenye dansi ataelewa haraka: ni pale waimbaji wanaponyamaza na sebene kuanza. Ila sebene lina njia yake, na anayecheza huijua. Hawa wakishaufungua wimbo, mara nyingi wenyewe hawajaamua watatokea wapi. Mmoja anatupa sauti mbili tatu, mwenzake anazidaka na kuzirudisha zimegeuka, wa tatu anaamua kunyamaza ili wale wawili wasikike. Makubaliano yote hayo hupitia kwenye macho, kidevu na bega. Wewe kwenye simu ulisikia majibu bila kuona maswali, lazima uchoke.

Kwa hiyo simama mahali unapowaona wote wawili, mpiga besi na mpiga ngoma. Kwenye kumbi kubwa watu hukodolea gitaa la solo, na huko wana sababu, maana jukwaa liko mbali na taa zinamfuata mpiga solo. Kwenye ukumbi mdogo jukwaa pengine litakufika magotini. Utaona kidole cha mpiga besi kinavyosita kabla ya kubadili mwendo. Nakuomba kipande kirefu kikianza uliache gitaa lipite lenyewe, ushike besi. Besi ikihama, wimbo umehama, hata kama gitaa bado linazunguka palepale. Ukishika uzi huo, dakika 20 hazitakuwa na urefu ule uliousikia kwenye simu.

Usiku mmoja wa mwezi Machi nilikuwa katika ukumbi wa namna hiyo, hatua chache kutoka kwa mpiga besi. Theluji ilikuwa inayeyuka, uwanja wa magari umekuwa tope tupu, na mlangoni akina mama wa ukumbi walikuwa wanauza supu kuchangia paa jipya. Bendi ilikuwa katikati ya wimbo wa kasi wa fidla. Mpiga gitaa akaanza kurudia sauti mbili tu, polepole kuliko wenzake, utadhani hawasikii. Mpiga ngoma akamtazama, akaachana na matoazi, akabaki na ngoma kubwa peke yake. Besi ikamfuata. Fidla ikaendelea kwa kasi ileile juu ya mwendo mwingine kabisa, nami nikashika ukingo wa jukwaa maana miguu haikujua imfuate nani. Kisha yule dada wa fidla akainua uso, akacheka, akaweka fidla chini na kuvaa kodiani, tukajikuta tumo ndani ya wimbo wa zaideko, ule muziki wa dansi wa kodiani kutoka Louisiana. Hakuna aliyetangaza chochote. Mzee aliyesimama kando yangu na viatu vyake vya shambani akanigusa kiwiko, akaniambia hajawahi kuwasikia wakiunganisha nyimbo hizo mbili. Alikuwa mtu wa kuwafuata tangu ujana wake. Furaha ya mzee yule niliielewa, kwa sababu nilikuwa nimeliona jambo lenyewe likizaliwa, tangu zile sauti mbili za gitaa.

Unaweza kushangaa banjo na fidla zimefikaje pamoja na gitaa la umeme na wimbo usiokatika. Njia kubwa ilipita kwa Grateful Dead, bendi iliyoundwa mwaka 1965 huko Palo Alto, California. Kabla ya hapo Jerry Garcia, mpiga gitaa wao, alikuwa mpiga banjo aliyezama katika blugrasi, ule muziki wa nyuzi uliojengwa na Bill Monroe wa Kentucky. Hakuuacha. Mwaka 1973, Grateful Dead ikiwa imeshapata jina kubwa, alirudi kupiga banjo katika bendi ya Old & In the Way, pamoja na David Grisman kwenye mandolini na Vassar Clements kwenye fidla. Waliokuja nyuma walichukua vyote viwili, blugrasi na wimbo usiokatika: Leftover Salmon huko Boulder, Colorado, mwaka 1989, Yonder Mountain String Band mwaka 1998, Railroad Earth ya New Jersey mwaka 2001. Na katika jimbo hilo ulilopo kuna Donna the Buffalo, wa maeneo ya Trumansburg, ambao fidla, kodiani na bati la kukwaruza, lile linalovaliwa kifuani kama ala, ni vitu vyao vya kila usiku. Tamasha la GrassRoots lililoanzishwa mwaka 1991 na bado hufanyika Trumansburg liliwekwa na watu wa bendi hiyo pamoja na wenzao, na mwanzoni lilikuwa la kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Waulize wenyeji wako. Nina hakika mmoja wao ana habari nzima.

Kuhusu ukumbi wenyewe: ukiwa wa Grange, kile chama cha wakulima cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1867, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba ni chumba cha mbao, kilichojengwa kwa ajili ya mikutano, chakula cha pamoja na dansi. Sakafu ya mbao huleta besi mpaka kwenye nyayo, raha ambayo huipati kwenye zege. Lakini uepuke kona. Sauti nzito hujikusanya konani na kando ya kuta, na ukisimama huko besi itavimba imeze fidla. Ukienda ubavuni kabisa mwa spika, nazo sauti nyembamba zitakupita, kwa sababu zenyewe huenda mbele moja kwa moja wakati sauti nzito zinatapakaa kila upande. Ukikosa nafasi mbele, simama karibu na meza ya fundi mitambo. Yeye anapima kwa masikio yake, hivyo anapokaa ndipo muziki unaposikika anavyoutaka. Na usishtuke ukisikia mwangwi mkali wakati wa kupasha mitambo. Miili ya watu hunyonya sauti, ukumbi ukijaa mwangwi utapungua wenyewe.

Jambo moja nakusisitizia kama mama: chukua vizibo vya masikio. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, huweka kikomo cha desibeli 85, kipimo cha ukali wa sauti, kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo hukatwa nusu. Kwenye desibeli 100 umebakiwa na dakika 15. Ukumbi mdogo wenye ngoma na magitaa ya umeme hufika huko bila shida. Vizibo vya wanamuziki hushusha sauti zote kwa kiwango kinachokaribiana, kwa hiyo fidla itabaki fidla. Vile vya sponji navyo vinafaa, ingawa vitapunguza zaidi sauti za juu.


SWALI: Dada, habari za kazi. Nilipokuwa kikazi Vermont nilipelekwa kuona bendi kwenye ghala lililogeuzwa ukumbi. Katikati ya watu kulikuwa na milingoti miwili mirefu yenye vipaza sauti juu, na vijana wawili wanarekodi onyesho lote waziwazi. Hakuna aliyewazuia. Je, huo si wizi? Bendi inakula wapi?
Msomaji, fundi umeme

JIBU: Salama, kaka. Ule haukuwa wizi, walikuwa na ruhusa, na desturi hiyo ina umri mkubwa kuliko watu wanavyodhani.

Mwaka 1964, kabla Grateful Dead haijakuwapo, Jerry Garcia na rafiki yake Sandy Rothman walitoka California kwa gari na mashine ya kurekodi, wakaenda kuzifuata bendi za blugrasi. Walifika hadi Bean Blossom, Indiana, kijiji ambako Bill Monroe alikuwa na ukumbi wake, nao ulikuwa ghala. Garcia alitamani kuomba nafasi katika bendi ya Monroe, akakosa ujasiri wa kumsemesha. Mimi sidhani ni bahati tu kwamba kijana huyo, aliyejifunza muziki kwa kubeba mashine mpaka mashambani, baadaye alikuwa katika bendi iliyowaachia mashabiki wake wafanye vilevile. Mwaka 1984 Grateful Dead walitenga rasmi sehemu ya ukumbi kwa ajili ya wanaorekodi. Sharti lilikuwa kubadilishana bure, kuuza marufuku. Bendi nyingi za jemu zimeshika utaratibu huohuo mpaka leo, na tangu mwaka 2002 rekodi za bendi zilizoruhusu zimekuwa zikihifadhiwa kwa maelfu katika Internet Archive, zinasikilizwa bila malipo.

Umeuliza wanakula wapi. Wanakula mlangoni. Kama kila usiku wimbo uleule unatoka tofauti, rekodi ya jana haimzuii mtu kununua tiketi ya kesho. Inamsukuma. Anayesikia walivyoufungua wimbo Ijumaa anataka kuwapo Jumamosi. Bendi inayopiga nyimbo zake kama zilivyo kwenye albamu ingekuwa na haki ya kuogopa. Hii haina.

Na zipo rekodi ambazo zimekuwa hazina ya taifa. Onyesho la Grateful Dead la tarehe 8 Mei 1977, katika jumba la Barton Hall la Chuo Kikuu cha Cornell, Ithaca, lilirekodiwa na Betty Cantor-Jackson, fundi wao mwenyewe, na nakala zikapita mkono kwa mkono kwa miaka mingi kabla hazijatolewa rasmi. Maktaba ya Bunge la Marekani imeliingiza katika orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa. Watu bado wanabishana kama lilikuwa bora kuliko yote. Mimi nimelisikiliza sana na sibishani, nakaa tu nasikiliza besi ya Phil Lesh, mpiga besi wao.

Ukienda tena, usizungumze karibu na milingoti ile. Maneno yako yataingia kwenye rekodi na kubaki humo. Na bendi ikiwa ndogo, nunua kitu kwenye meza yao kabla hujatoka, santuri au fulana, kwa sababu fedha ya meza ile huingia mfukoni mwao moja kwa moja na ndiyo mafuta ya gari mpaka mji unaofuata.


SWALI: Sijui kucheza. Nitaonekana wa ajabu?
Mwenye aibu

JIBU: Hapana. Katika kumbi hizi hakuna hatua rasmi. Utaona mmoja anazunguka peke yake macho yamefumbwa, wawili wanacheza wameshikana kwa mwendo wa zaideko, mtoto amepanda mabegani kwa baba yake, bibi kizee anapiga goti kwa kiganja. Kama hutaki kuwa katikati, simama pembeni. Ila usikae kwenye kiti usiku mzima. Muziki huu ulitengenezwa kwa ajili ya sakafu, na mwendo wake utauelewa kwa miguu kabla ya kuuelewa kwa kichwa.


SWALI: Mwanangu, nasoma safu yako tangu ilipoanza. Mjukuu wangu aliyeko Marekani ananitumia picha za bendi hizi za banjo na fidla. Nionavyo mimi huo ni muziki wa wazungu wa milimani. Sisi unatuhusu nini?
Mzee mstaafu

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Swali lako limekaa mezani kwangu muda mrefu kuliko mengine, kwa sababu nalipenda na nataka kulijibu kwa heshima yake.

Banjo ni mtoto wa Afrika. Watu waliotekwa Afrika Magharibi na kuvushwa bahari walifika visiwa vya Karibi na Amerika wakiwa na kumbukumbu ya vinanda vya nyuzi vilivyotengenezwa kwa kibuyu kilichowambwa ngozi. Wakaviunda upya kwa walichokipata. Huko Senegambia, yaani maeneo ya Senegal na Gambia, watu wa kabila la Wajola bado wanapiga akonting, yenye kibuyu, ngozi, mpini mrefu na uzi mmoja mfupi unaopigwa kwa kidole gumba. Tazama banjo ya nyuzi tano, mzee: uzi mfupi upo, na kidole gumba kinafanya kazi ileile. Kwa vizazi vingi waliopiga banjo walikuwa Weusi. Katika karne ya 19 wazungu walioigiza Weusi majukwaani, nyuso wamezipaka masizi, waliichukua ala hiyo na kuisambaza, na kadiri miaka ilivyopita picha ya mwenye banjo ikawa ile aliyokutumia mjukuu wako. Ilichukuliwa mikononi mwa watu kwanza, ikafutwa kumbukumbuni baadaye. Hilo linaniuma kila nikiliandika.

Lakini haikufutika yote. Mwaka 2005 wapenzi wa banjo Weusi walikusanyika Boone, North Carolina, na hapo walikutana vijana waliounda Carolina Chocolate Drops, Rhiannon Giddens akiwa mmoja wao. Walikwenda kukaa miguuni kwa Joe Thompson wa Mebane, mpiga fidla Mweusi mwenye umri uliozidi miaka 80, aliyerithi muziki wake ndani ya familia. Kila wiki walikwenda kwake, wakapiga naye nyimbo zilezile mpaka zikawaingia. Albamu yao ya mwaka 2010 ilishinda tuzo ya Grammy.

Na kodiani ya zaideko unayoiona kwenye picha, ikisindikizwa na bati la mabati linalovaliwa kifuani na kukwaruzwa, ni muziki wa Wakrioli Weusi wa Louisiana. Clifton Chenier wa Opelousas ndiye aliyeutoa vijijini ukafika ulimwenguni. Bati lile la mabegani alilibuni yeye pamoja na fundi wa vyuma Willie Landry mwaka 1946, na ndugu yake Cleveland ndiye aliyekuwa akilikwaruza.

Kuna mzungu mmoja, Béla Fleck, miongoni mwa wapiga banjo wakubwa walio hai, aliyeamua kuirudisha ala hii ilikotoka. Alizunguka Uganda, Tanzania, Gambia na Mali akipiga na wanamuziki wa huko. Tanzania alipiga na Anania Ngoliga, bingwa wa ilimba, ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba. Ukimsikiliza Ngoliga anavyoipokea banjo, bila kusita, anaijibu kwa vidole gumba vyake viwili na kuimba juu yake, utapata jibu zuri kuliko langu. Mwambie mjukuu akutafutie. Na akienda tena kwenye ukumbi wake wa mashambani, amwombe mpiga banjo wakati wa mapumziko amwonyeshe ule uzi mfupi. Katika kumbi ndogo wanamuziki hushuka jukwaani na kukaa na watu, na sijamwona hata mmoja anayekataa kuonyesha ala yake.


SWALI: Dada, nilikwenda, nikasikiliza kipindi cha kwanza, kilikuwa nyimbo fupifupi za kawaida. Wakapumzika. Nikaondoka. Kumbe wenzangu wanasema walikosa usingizi kwa furaha. Kulitokea nini?
Aliyeondoka mapema

JIBU: Pole sana. Kulitokea kipindi cha pili. Bendi nyingi za jemu hutumia kipindi cha kwanza kupasha moto, kupima ukumbi, kusikia watu wa usiku huo wana hamu gani. Nyimbo huwa fupi na kila mmoja hupewa nafasi ya kusalimia. Milango mikubwa hufunguliwa baada ya mapumziko, ndipo nyimbo tatu nne huunganishwa bila kusimama. Mapumziko yenyewe hayachukui muda. Kunywa maji, toka nje upate hewa kidogo, kisha rudi kabla hawajapanda jukwaani, maana aliyeshika nafasi nzuri hataiacha tena mpaka mwisho.